Aliyetushindia Maji kwa Karata

Wajukuu wangu nikianza hii habari wanacheka, halafu giza likiingia hawataki kutoka nje peke yao. Basi cheka na wewe. Mimi sikusimuliwa na mtu, na sikuota. Nilikuwa hapo mwenyewe, jua likiwa utosini, na wengi walikuwa hapo, ingawa wote wametangulia na nimebaki mimi wa kusema.

Ilikuwa katika ile miaka ya ukame, kabla ya vita vya pili vya Wazungu. Kwetu ni upande wa Nuu. Mto ulikuwa mchanga mtupu, na ukitaka maji unachimba mpaka shimo linakumeza kichwa. Maji yanatoka polepole kama jasho. Kwa hivyo kila boma lilikuwa na zamu yake, na zamu ni ya mwanamume wa boma. Hiyo ndiyo sheria tuliyoikuta. Baba yangu alikuwa amekufa. Sisi tuliobaki, mama yangu, mimi na ndugu yangu mchanga, tulikuwa tunasubiri mpaka wote wamalize, tukombe tope.

Tulikuwa na ng'ombe mmoja, mwekundu. Maziwa ya mama yalikuwa yamekauka, na yule mtoto aliishi kwa maziwa ya huyo ng'ombe tu. Siku hiyo ninayosema, nikiwa nimembeba mtoto mgongoni, ng'ombe alifika mtoni akalala chini. Unajua ng'ombe akilala namna hiyo, shingo imenyooka mchangani? Mimi nilijua. Asipokunywa kabla ya jioni, hanyanyuki, na mtoto naye anamfuata.

Pale kisimani vijana walikuwa wanacheza karata. Mkubwa wao alikuwa Mutua, aliyetoka kufanya kazi ya reli akarudi na kofia na mchezo unaoitwa poka. Hawakuwa na pesa, kwa hivyo walichezea zamu za maji. Wazee waligombana nao wakachoka.

Ngoja nikueleze, maana nilisimama nyuma yao siku nyingi nikaujua huo mchezo kuliko baadhi yao. Kila mtu anapata karata tano. Mbili zinazofanana ni nzuri, tatu zinazofanana ni nzuri zaidi. Kuna ile ya kubadilisha: unatupa usizozitaka, unapewa nyingine, na zako hakuna anayeziona. Kuna ile ya wazi: karata moja inalala kifudifudi, nne zinatazama juu, watu wanakusoma wanavyotaka. Ukijiamini unaongeza zamu. Ukiogopa unaweka karata chini, na ulichoweka kimeenda. Mutua alikuwa hodari wa kuwatisha wenzake kwa uso tu.

Nikamwambia, "Mutua, nipe maji ya ng'ombe mmoja. Mmoja tu."

Hakuinua macho. "Mwanamume wenu yuko wapi aniombe yeye?"

Wakacheka. Mmoja akasema, "Mwache aje na huyo mtoto wa mgongoni, si ni mwanamume?" Wakacheka tena.

Hapo ndipo sauti ikasema nyuma yangu, "Mwanamume wao ni mimi."

Alikuwa kijana, rika la Mutua hivi. Blanketi begani, na shingoni kamba yenye kibati kidogo cha duara, kimechongwa namba. Sikumjua. Sikumwona akija, na mto ule mtupu unaona mtu tangu mbali. Lakini nani alikuwa na nafasi ya kujiuliza?

Mutua akamtazama, kisha akanigeukia mimi. "Msichana, ni kweli? Huyu ni mwanamume wa boma lenu?"

Mimi nikamtazama ng'ombe. Nikasema, "Ni kweli."

Niamini, ni neno hilo tu nililosema. Nilisema mbele ya watu wote waliokuwa kisimani, wanaume na wanawake, na kwetu jambo kama hilo msichana akilisema mbele ya watu, limesemwa.

Yule kijana akachuchumaa. Mutua akasema basi zamu lazima aishinde, maana boma letu lilikuwa halina. Wakacheza ya kubadilisha. Mgeni akatupa karata tatu, akapewa tatu, akashinda. Mutua akasema hiyo ni bahati, twende ya wazi. Mgeni akashinda tena, na usoni hakuwa na kitu, hata nzi hawakumkalia.

"Umejifunza wapi?" Mutua akauliza. Sasa hakuwa anacheka.

"Kariakoo. Tukibeba mizigo ya vita. Usiku askari walicheza, sisi tulitazama."

"Ya mwisho," Mutua akasema. "Nikishindwa, zamu zangu zote ni zako. Ukishindwa wewe, unaacha ulizoshinda."

"Sawa. Lakini hii nachagua mimi. Tunabadilisha mara moja, kama ile ya kwanza, ila anashinda mwenye karata mbaya kuliko wote. Ukipata zinazofanana umeshindwa. Zikifuatana pia umeshindwa."

"Huo si mchezo."

"Sisi tuliokuwa hatuna kitu tulicheza huo."

Mutua alizoea kutafuta wafalme, zile karata kubwa. Mkono wake ulikuwa umezoea vibaya. Nilikuwa nyuma yake nikaona akishika wafalme wawili, na kwa mazoea tu akawashikilia, akatupa zile ndogo. Alipokumbuka alikuwa ameshapewa nyingine. Mgeni akalaza zake: mbili, tatu, nne, tano, saba. Hakuna karata mbaya kuliko hizo, maana sita ingezifanya zifuatane. Mutua mwenyewe ndiye aliyeshuka shimoni akaanza kuteka, na kwa hilo nitamsifu, maana alikuwa na kiburi lakini hakuwa mwizi.

Ng'ombe alikunywa amelala. Kisha akainua shingo. Kisha miguu ya nyuma. Mimi nililia kama mjinga.

Nikachota maji katika kata, nikampelekea mgeni kwa mikono miwili. Akaipokea vizuri, akaimwaga yote mchangani, polepole, mpaka tone la mwisho.

Nikamkaripia. "Wewe una wazimu? Watu wanakufa kwa kiu, na wewe unamwaga?"

Akasema kwa upole, "Sisi ndivyo tunavyokunywa."

Nyinyi wa siku hizi labda hamjui. Sisi tukiwapa chakula au kinywaji aimu, yaani wale waliotutangulia kufa, tunawamwagia chini. Nilisikia baridi kutoka kisigino mpaka shingoni, na jua lile.

"Umeniitikia mbele ya watu," akasema. "Mimi ni Mwangangi. Mama yangu anakaa chini ya kilima, penye mawe meupe. Mwambie nimepata boma."

Akaondoka akifuata mto. Alipopinda kona, kulikuwa na mzee anakuja kutoka upande ule ule na mbuzi wake. Nikamuuliza kama amepishana na mtu. Akasema hapana, na akaniuliza kama nimepigwa na jua.

Mama aliposikia hakunipiga wala hakunicheka. Alisema, "Kariakoo, ile ya kubeba mizigo ya vita vya Wazungu, ilikuwa kabla hujazaliwa." Alimjua yule mama. Mtoto wake wa pekee alichukuliwa huko akiwa kijana, hajaoa, hakurudi.

Tukaenda. Yule mama alikuwa mzee, macho yamefifia. Nilimweleza yote, blanketi, kibati, karata. Aliniuliza jambo moja tu.

"Alikuwa amekonda?"

"Hapana, mwaitu, mama yangu. Hakukonda."

Akafunika uso kwa nguo. Miaka yote, akasema, alitaka kumwolea mwanawe mke, kama tunavyofanya kwa kijana aliyekufa bila kuoa, ili jina lake lisikatike. Kila boma alilokwenda walimkatalia. Hakuna kaburi, walisema, pengine yuko hai kwa mwanamke fulani huko Tanganyika alikopelekwa na vita.

Mbuzi wa mahari kutoka kwa yule mama walifika kwetu mvua iliponyesha. Mama aliniuliza mara nyingi kama nataka, na mara nyingi akanikumbusha kwamba naweza kukataa. Sikukataa. Nilikuwa nimeshasema.

Nimezaa watoto wa Mwangangi, na wote wanaitwa kwa jina lake. Aliyenisaidia kuwapata ni mtu wa ukoo wao, mtu mwema, na yeye alijua hao si wake. Mama mkwe alikufa akiwa na wajukuu mapajani. Ndugu yangu yule mchanga sasa ni mzee mwenye ng'ombe wake. Mchungaji aliniuliza mume wangu yuko wapi ili aandike harusi. Nikamwambia yuko vitani. Hajaniuliza tena.

Sasa nawaambia nyinyi mnaocheza mchana kutwa sokoni. Akija mtu msiyemjua, akasema anamchezea asiye na mtu, msibishane naye. Shindweni, mteke maji. Na wewe msichana, kabla hujasema "ni kweli" mbele ya watu, mtazame vizuri unayemsemea. Mimi nilimtazama ng'ombe. Sijuti. Lakini sura ya mume wangu, nikijaribu kuikumbuka, siipati.