Nilimwaga mkaa uliokuwa kwenye gari la baba mkwe, nusura nikose mke

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni, na vijana mambo vipi.

Nimesoma uzi wa yule ndugu anayeuliza kama amruhusu fundi wake ang'oe "vidude vya moshi" kwenye injini kwa sababu eti ni mapambo ya Wazungu. Nimecheka mpaka chai imenipalia. Mawazo ya huyo fundi niliwahi kuwa nayo mimi mwenyewe, tena kifua mbele, na kidogo tu yanikoseshe mke.

Hii sikusimuliwa, ilinipata. Pale nilipokuwa mjinga nitasema nilikuwa mjinga.

Mimi ni mtu wa Katanga. Kigoma nimehamia uzeeni, ndiyo maana Kiswahili changu kimenyooka kidogo. Zamani nilikuwa Lubumbashi, enzi nchi inaitwa Zaire. Chama kimoja, tai marufuku, na kila mwanamume unamwita "citoyen", yaani mwananchi. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, fundi kwenye gereji moja mtaa wa Kenya.

Kenya ni mtaa wa Lubumbashi wakuu, msianze kuniuliza pasipoti.

Nilikuwa nampenda binti mmoja wa Ruashi, Ngalula. Wazazi wake walitoka Kasai. Mimi kwetu ni Sakania, kule mpakani na Zambia, Mbemba kabisa, na watu wa Kasai na sisi wa Katanga hatukuaminiana sana. Kwa hiyo tayari nilikuwa naanza safari nikiwa nyuma.

Baba yake, Papa Kabeya, alikuwa mwalimu wa kemia sekondari. Mtu wa abacost, ile suti ya serikali isiyovaliwa tai, imepigwa pasi na kufungwa mpaka kooni hata jua likiwa kali. Kitu alichochukia kuliko vyote ni uongo. Mchumba wa dada yake Ngalula alifukuzwa nyumbani pale kwa kudai amesoma kitabu ambacho hajawahi hata kukifungua. Mzee alimuuliza swali moja tu kuhusu ukurasa wa mwisho.

Ngalula alinionya mapema.

"Kwa baba, usiseme bongo. Kama haujue, sema haujue."

Bongo kwetu ni uongo. Wabongo msinune, lugha ndiyo ilivyo.

Basi Papa Kabeya alikuwa na station wagon nyeupe aliyouziwa na Mmarekani, mwalimu mwenzake, mkataba wake ulipoisha. Siku moja akaniita.

"Citoyen Mwape, motokari yangu inanuka esansi. Mama Ngalula kichwa inamuzunguka. Na kila nikijaza, kuwaka ni shida, inatoa moshi mweusi. Ile motokari unaijua?"

"Naijua Papa. Inje na ndani!"

Wakuu, esansi ni petroli, hiyo niliijua. Ila nilikuwa sijawahi hata kuona boneti ya gari la namna ile ikiwa wazi.

Jumamosi, baada ya salongo (ile kazi ya lazima ya kufagia mtaa), nikaenda Ruashi na mkoba wa spana. Nikafungua boneti. Pembeni ya injini kuna kopo jeusi, ukubwa wa kopo la maziwa ya unga, lina mipira miwili. Mmoja unatoka kwenye tanki la petroli, mwingine unaingia kwenye kabureta. Kopo linavuja petroli tiritiri.

Nikajisemea, mgonjwa ndiye huyu.

Nikalitoa, nikalipasua kwa msumeno. Mnajua ndani kulikuwa na nini?

Mkaa.

Mkaa mweusi, vipande vidogo vidogo, unanuka petroli. Kwetu mkaa tunauita "makala", msidhani nazungumzia gazeti. Lubumbashi nzima inapikia makala, kwa hiyo nilisimama pale nacheka peke yangu. Nikaona huyu Mmarekani alikuwa anabeba mkaa wa kuchomea nyama kwenye injini! Au kuna fundi wa kabla yangu alimfanyia utani.

Nikaumwaga ule mkaa kwenye kifuko, nikakiacha nyuma ya nyumba, karibu na jiko. Ile mipira miwili nikaichongea vijiti, nikaiziba vizuri, nikakaza na waya. Nikawasha gari. Harufu hakuna. Moshi mweusi hakuna. Injini inanguruma vizuri kabisa.

Papa Kabeya akanusa ndani ya gari mara tatu.

"Ilikuwa nini?"

"Filtre moya ya zamani, Papa. Ilioza."

Yaani chujio la zamani. Uongo wa kwanza. Mdogo, umetoka laini, hata mimi sikuusikia.

Akanipa mkono. Akasema Jumapili ya wiki inayofuata twende wote Likasi kwa kaka yake mkubwa, mzee wa ukoo, akanione. Kwa wasiojua, kwao bila neno la kaka mkubwa hakuna binti anayetoka. Nilirudi Kenya kwa miguu na sikuhisi umbali.

Katikati ya wiki Ngalula akaja gereji, habari yake ni kwamba nyumbani kuna vita. Mama yake aliongeza mkaa kwenye mbabula, lile jiko letu la bati, moto ukalipuka "bwu!" ukaunguza pembe ya kitambaa chake cha kichwa. Maharage yote yakanuka petroli. Mama akaondoka moja kwa moja hadi kwa mwanamke anayewauzia makala, akamtukana mbele ya mtaa mzima kwamba anauza mkaa wenye uchawi.

Nikamuuliza Ngalula ule mkaa ulikuwa wapi. Akasema kwenye kifuko, nyuma ya nyumba.

Nikasema, "Ah, bantu ba siku hizi banauza kila kitu."

Uongo wa pili. Huu niliusikia.

Jumapili ikafika. Papa Kabeya yuko kwenye usukani na abacost yake, Mama pembeni, mimi na Ngalula nyuma, katikati yetu kuku wawili wa zawadi. Gari lilikuwa halijaenda mbali tangu nilishike, na sasa tanki limejaa mpaka pomoni. Petroli ilikuwa ya kubahatisha miaka ile, ikipatikana watu wanajaza mpaka waione kwa macho, halafu wanalitikisa gari ili iingie nyingine kidogo. Papa Kabeya alikuwa bingwa wa kutikisa.

Hatujafika Luisha, mji mdogo wa njiani, gari likakohoa, likakohoa tena, likazima.

Nikashuka haraka, nikagusagusa vitu chini ya boneti, hakuna ninachokielewa. Nikaenda nyuma nikafungua mfuniko wa tanki niangalie petroli.

Fyuuuuuu!

Hewa iliingia kwa nguvu, muda mrefu, kama mtu aliyekuwa amezibwa pua. Papa akapiga starter, gari likawaka pale pale. Mama akapiga makofi.

"Eh! Kweli uko fundi!"

Nikarudi kukaa na kuku wangu, jasho linanitoka. Maana ile fyuu ilikuwa imenieleza kila kitu. Injini inanyonya petroli kutoka kwenye tanki. Petroli ikipungua lazima hewa iingie ijaze nafasi. Mlango wa hewa ulikuwa ni ule mpira wa kopo la mkaa, na mimi nimeuziba kwa kijiti na waya juu. Kivalvu cha msaada kwenye mfuniko nacho kilikuwa kimeganda kwa vumbi la miaka. Tanki linavuta, hewa hakuna, petroli haiendi.

Hapo nikapiga hesabu ya mtu mwoga. Kila likizima nafungua mfuniko, nasema naangalia petroli. Tunafika Likasi mimi shujaa. Tukirudi nachomoa vijiti kimya kimya. Hakuna atakayejua mpaka naingia kaburini.

Tumepita Luisha, likazima tena. Na lilizima wapi? Mbele ya magunia ya makala, yamepangwa kando ya barabara yanasubiri wateja. Nilitamani nijifiche ndani ya gunia moja.

Nikaenda kwenye mfuniko. Fyuuuuu.

"Citoyen Mwape. Ngoja." Papa Kabeya alikuwa ameshuka. "Juu ya nini inakubali kuwaka ukifungula ile bouchon?"

Jibu nilikuwa nalo, tena zuri. Joto, Papa, esansi ya siku hizi inachemka. Lingepita hilo jibu, jua lilikuwa linawaka kweli kweli.

Nikamtazama Ngalula. Alikuwa ameinamisha kichwa anaangalia viatu vyake, kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani wa mwenzake. Alijua. Sijui alijuaje, ila alijua nina bongo mdomoni.

"Papa, yote sijue," nikasema. "Kitu moya tu njo najua. Ni mimi niliziba motokari."

Nikaeleza kila kitu. Kopo, msumeno, vijiti, na kwamba hakukuwa na filtre iliyooza. Na kwamba gari la namna ile sikuwa nalijua inje wala ndani.

"Mu ile kopo mulikuwa nini?" akauliza.

"Makala, Papa."

Mama akatoa kichwa dirishani. "Makala? Makala gani?"

"Ile ya mu kifuko, Mama. Kwa nyuma ya nyumba."

Mama akashika kitambaa chake cha kichwa.

"Ile yenye iliunguza kitambaa yangu?"

"Njo ile, Mama."

"Na mi nilitukana ule mama wa makala mbele ya bantu bote!"

Aliyeanza kucheka ni Ngalula. Alijiziba mdomo kwa mikono miwili, haikusaidia. Mama akamkaripia, halafu akacheka yeye. Mimi sikuthubutu, nilikuwa namwangalia Papa Kabeya.

Papa Kabeya akafungua kifungo cha juu cha abacost. Sikuwahi kumwona akifanya hivyo. Akaokota kijiti, akachuchumaa akachora kwenye vumbi, akafundisha kama yuko darasani.

Somo lenyewe ni hili wakuu, nalileta kwa faida ya yule ndugu wa vidude. Petroli inatoa mvuke hata gari likiwa limelala. Bila kinga mvuke unaenda hewani, tunauvuta sisi. Kwa hiyo wanauelekeza kwenye kopo la mkaa maalumu, wenye vitundu vingi kuliko mkaa wa jikoni, na ule mkaa unaushika mvuke. Ukiwasha gari, injini inavuta hewa kupitia kopo, inaubeba ule mvuke na kuuchoma. Hakuna kinachopotea. Na hewa ya kuingia kwenye tanki inapita hapo hapo.

Linaharibikaje? Ukijaza tanki mpaka shingoni. Kopo linaingia petroli yenyewe badala ya mvuke, mkaa unalowa, injini inakunywa kupita kiasi. Ndiyo ile harufu, moshi mweusi na kugoma kuwaka.

Alipofika hapo kwenye mchoro, Papa Kabeya akaacha kuchora. Akatazama mfuniko wa tanki.

"Basi muuaji wa kwanza ni mimi," akasema. "Mi njo nilikuwa najaza na kutikisa."

Ili nisisahau: baadaye nilijaribu kutengeneza kopo lingine kwa makala ya Ruashi. Msijaribu. Vumbi lake liliingia kwenye kabureta, nikaisafisha siku nzima. Kopo la kweli lilipatikana Kitwe, upande wa Zambia, kwenye gari bovu, likaletwa na dereva wa lori kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Na yule muuza makala nilikwenda na Mama kumwomba msamaha. Alitusamehe baada ya kutumwagia maneno yote aliyokuwa ameyaweka moyoni, na sehemu kubwa ilikuwa yangu.

Turudi barabarani. Nikachomoa kijiti cha mpira wa tanki nikauacha upumue, ule wa kabureta nikauacha na kijiti chake. Tukafika Likasi madirisha wazi, gari zima linanuka petroli, Mama kajifunga kitambaa puani. Papa Kabeya hakunisemesha neno njia nzima. Mimi nilishaaga moyoni. Nilimwonea huruma Ngalula na nilijionea huruma mimi zaidi.

Baba mkubwa alikuwa ameketi kwenye benchi barazani. Akatusalimia wote, akaninusa, akanitazama kuanzia viatu.

"Na huyu ni nani?"

Papa Kabeya akaunyanyua mkono wangu wenye grisi, akamwonyesha kaka yake.

"Ni fundi. Aliharibisha motokari yangu. Na hakuna muntu aliyemukamata, ni yeye mwenyewe alinielezea."

Yule mzee akautazama ule mkono. Halafu akasogea kwenye benchi, akanipa nafasi nikae.

Wakuu, Ngalula ni mke wangu mpaka leo.

Nilichojifunza: pampu ya kujazia petroli ikijikata, acha, usiongeze hata tone. Gari likinuka petroli usivumilie. Ukifungua mfuniko ukasikia fyuu kubwa, kuna mahali pameziba. Na kitu usichokijua kazi yake, usikitupe kwa sababu kimekuchekesha.

Sasa nipeni yenu. Kuna fundi amewahi kukwambia "sijui" usoni? Ulirudi kwake, au ulihamia kwa mwenye mdomo?