Stovu ya Shosho na Mzee wa Reli

Nilienda kwetu Subukia mwezi uliopita, na nimerudi Nakuru na hasira ambayo haijapoa hadi leo. Jikoni kwa shosho, nyanya yangu, kumebomolewa. Pale palipokuwa na kuta nyeusi za moshi sasa pamepandwa nyasi ya ng'ombe. Nilipouliza stovu ilienda wapi, mke wa ankol, mtoto wa shosho, huyu ninayemwita anti, alinimiminia chai kutoka kwa thamosi akasema, "Ai, si ile kitu iliharibika kitambo! Haingetengenezeka." Uongo mtupu, rafiki yangu. Swali la kutengenezeka lilijibiwa nikiwa mtoto, na nilikuwepo.

Ilikuwa stovu ya kuni, ya chuma kizito, iliyoachwa na mzungu mwenye shamba kabla watu wetu hawajagawiwa ardhi. Ilikuwa na miguu mifupi iliyopinda, matundu mawili ya sufuria juu, na tanuri ubavuni ambamo shosho alikaushia kuni na siku nyingine kifaranga aliyenyeshewa. Asubuhi zetu zilikuwa za baridi ya kung'ata masikio. Tuliamshwa na mlio wa mlango wake mdogo wa chuma, kisha harufu ya moshi wa kuni za muwati, kisha sauti ya shosho ikiuliza kama tumezaliwa kulala. Githeri ya mahindi na maharagwe ilichemka hapo kutwa. Viazi tulivizika kwenye jivu, tukavila na maganda yaliyoungua, vidole vikituwaka. Kazi yetu ilikuwa kuokota kuni, na hapakuwa na msamaha. "Anayetaka joto alete ukuni," shosho alisema, hata kwa mgeni aliyevaa suti.

Anti hakuipenda stovu wala mwenye stovu. Alitaka shosho ahamie nyumba kubwa, apikiwe. Kwa maneno ilikuwa heshima. Kwa kweli alitaka pale pawe stoo ya mahindi, na shosho alijua. Mwanamke asiye na moto wake, alisema, ni mgeni anayesubiri kuulizwa ataondoka lini.

Basi siku moja mchungaji alikuwa anakuja kututembelea na kina mama wa kanisa. Anti aliona haya kwamba watakuta nyumba imejaa moshi. Stovu ilikuwa imewaka tangu alfajiri, juu imekuwa nyekundu. Akachukua jagi la maji baridi, ati azime moto, akamwaga lote juu ya chuma. Tulisikia mlio kama bunduki. Mvuke ulipoisha tuliona ufa umetoka tundu moja hadi la pili, na kutoka hapo hadi ukingoni. Mpaka leo sijui kama ilikuwa ujinga au makusudi, na nikiwa mkweli, nimeshaamua ilikuwa makusudi.

Ankol alitoa hukumu jioni ile. Ikitengenezeka, sawa. Isipotengenezeka, shosho anahamia nyumba kubwa na jikoni panafungwa. Kesho yake akaleta fundi wa kuchomelea vyuma kutoka sokoni. Yule fundi hakuigusa hata kidogo, alisema tu, "Hiyo ni kazi ndogo, mathe," akaanza kufungua vyombo vyake.

Hapo ndipo tuliposikia sauti kutoka ng'ambo ya ua. "Mkiichomelea itapasuka mara mbili, wajinga nyinyi!"

Alikuwa jirani yetu, mzee aliyefanya kazi karakana ya reli Nakuru maisha yake yote. Yeye na shosho walikuwa hawasalimiani tangu ng'ombe wake alipovunja ua akamaliza sukuma wiki yetu, naye badala ya kuomba msamaha akasema ua wetu ni wa hovyo. Shosho aliapa mguu wa mzee hautakanyaga kwetu. Sasa shosho akasimama mlangoni, akamtazama fundi, akamtazama anti aliyekuwa tayari ameshika ufagio wa kusafisha stoo yake.

"We mzee," akaita, "kama unajua sana, njoo uonyeshe! Na umfunge huyo ng'ombe mwizi kwanza!"

Akaja. Hakusalimu mtu. Aligonga lile bamba kwa kijiko, hapa na pale, sikio limeinama. "Hiki si chuma cha kufuliwa," akasema. "Kilimiminwa kama uji. Moto wa kuchomelea utakimaliza. Lakini kitatengenezeka, hata kama mwenyewe ana mdomo mchafu."

"Fanya kazi uende," shosho akamjibu.

Alitoboa kitundu kila mwisho wa ufa, usitembee zaidi. Akafunga ukanda wa chuma kwa chini, akaukaza kwa boliti, akaziba ufa kwa udongo, jivu na chumvi. Kazi nzima walitukanana. Shosho alipomletea chai, aliikataa. Kwetu, kukataa chai ya mtu ni kumwambia bado hujamaliza naye. Shosho akaimwaga nje. Kisha akawasha moto, pole pole. Stovu ikashika. Anti akarudisha ufagio wake, uso umemvimba.

Ilipika miaka mingi baada ya hapo. Kila mvua zikianza, mzee alikuja kukaza nati, akakataa chai, wakatukanana, akaondoka. Iliuzwa kwa watu wa vyuma vikuukuu tulipomzika shosho. Ankol mwenyewe aliniambia, akiangalia pembeni. Siku hizi kwetu kuna adabu nyingi. Kuna ukuta wa mawe kati ya mashamba, na anti hajui ni nani anaishi ng'ambo. Moshi hakuna, na hakuna wa kukuita mjinga akukomboe. Nakichukia kile kimya, nakwambia waziwazi.

Mzee alitangulia kufa. Habari zilipofika, shosho alikuwa anakoroga uji. Aliketi chini na mwiko mkononi. "Mjinga huyu!" akapiga kelele. "Hata chai yangu hakuonja!" Akalia kuliko alivyolia siku ya kumzika babu.