Mzee Maige na Mlango wa Jaruba

Kila Kwaresima Mzee Maige alijipa mtihani, na kila mwaka alianguka. Akimaliza mfungo bila kumtukana mtu, Pasaka angebatizwa. Akimtukana hata mmoja, angesubiri mwaka mwingine. Sharti hilo hakuwekewa na padri wala katekista. Alijitungia mwenyewe, na ubishi wake sisi tunaosali naye kigangoni tunaujua.

Ni mkulima wa mpunga hapa Magu, mtu wa kazi, mwenye kicheko kikubwa na hasira za karibu. Mafundisho ya wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa, ameyarudia hadi akawa anawasahihisha wenzake. Mwaka mmoja mtihani ulimshinda Jumapili ya Matawi kwa sababu ya mwamuzi wa mpira aliyekuwa akitangazwa redioni. Tulimwambia mwamuzi hakumsikia. Akasema Mungu amesikia, akajitoa. Mkewe Sabina, aliyebatizwa tangu utotoni, alikuwa ameshamshonea kanzu nyeupe ya ubatizo, na kila mwaka aliitoa sandukuni akaianika, kisha akairudisha.

Mwaka huu tuliamini ameweza. Hata mimi, ambaye watu wa hasira huwa siwapi nafasi, nilianza kumwonea fahari. Juma Kuu likafika mdomo wake ukiwa safi. Jumanne, ng'ombe wa jirani yake Luhende wakaingia kwenye mpunga wake, kama walivyoingia mwaka jana. Mzee alimporomoshea Luhende matusi mbele ya mashine ya kukoboa, mpaka mashine ikazimwa ili watu wasikie vizuri.

Alitoka hapo moja kwa moja hadi kwa Modesta, katekista wetu, ambaye kwa umri angeweza kuwa binti yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nifutie jina, mwanangu. Nimeanguka tena."

"Sifuti."

"Sasa nibatizwe na mdomo huu?"

"Una mwingine?"

Aliondoka amenuna. Niliumia kumwona, kwa sababu ameshazeeka, na hakuna aliyemwahidi Pasaka nyingine.

Alhamisi mchana mvua ikanyesha, baada ya ukame uliokuwa umetutia hofu wote. Majaruba yetu ya mpunga yako kwenye mteremko, kila moja limezungushiwa tuta, na maji hushuka kutoka la juu kwenda la chini kupitia mlango uliochimbwa kwenye tuta. La Maige liko juu. La Luhende liko chini yake, na mpunga wake ulikuwa umeanza kunyauka. Maige alichukua jembe kwenda kuuziba mlango. Sabina alilijua hilo, maana mzee alilitangaza kabla ya kutoka.

Yaliyofuata anatusimulia mwenyewe, na hadi leo anayashangaa. Alipoinua jembe, macho yake yaliangukia mpunga wa Luhende, umekuwa wa manjano, na akaingiwa na huruma ambayo hakuialika. Akaitafuta hasira yake, akaikosa. Jembe liliposhuka halikuziba kitu. Liliupanua mlango, na maji yakashuka kwa nguvu.

Luhende alikuwa amesimama kule chini, haamini.

"Mzee, umekosea?"

"Nadhani," Maige akajibu.

Akarudi kwa Modesta na matope hadi magotini.

"Nimemfungulia Luhende maji, mwanangu. Nami sikutaka."

"Nani alitaka?"

Modesta akamsogezea kigoda.

"Baba, ulitaka kwanza uwe mwema, ndipo uende kwa Mungu. Wema wenyewe unatoka kwake, na leo umeuona. Hata imani. Padri akikuuliza unaomba nini kwa Kanisa la Mungu, utajibu nini?"

"Imani," alisema Maige. Jibu hilo alikuwa amewafundisha wenzake miaka yote, na kumbe hajawahi kugundua kwamba mtu haombi kitu alichokuja nacho. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na nadhani si yote yalikuwa ya kicheko.

Jumatatu ya Pasaka asubuhi padri alifika kigangoni kwetu. Kanzu ilikuwa imeshambana tumboni, lakini iliingia. Mzee alimchagua Luhende awe msimamizi wake wa ubatizo. Alisema anataka mtu ambaye matusi yake ameshayasikia yote.

Padri alipouliza, Maige alijibu "Imani" kwa sauti ya mtu mwenye njaa. Kisha akainama, Luhende akamwekea mkono begani, maji yakamwagwa mara tatu. Padri alimaliza, lakini mzee hakuinuka. Maji yalimtiririka kichwani hadi begani, yakaingia kwenye mkono wa shati la Luhende, yakashuka mpaka viatuni.

Luhende akamnong'oneza sikioni, lakini kanisa letu ni dogo, tulisikia wote.

"Mzee, na maji haya pia umenifungulia."