Mayai Sita ya Nyambura

Usiniambie eti nilikuwa naota. Mtu anayeota hasomi themometa, na mimi niliisoma mara nne, kwa macho haya haya, nikaipangusa na kitambaa na kuisoma tena. Wajukuu wangu wakisikia wanacheka, wananiambia, "Cucu, hayo ni mambo ya zamani." Sawa, ni ya zamani. Lakini yalitokea, na yalinitokea mimi. Nidanganye ili nipate nini? Utaona mwenyewe kwamba kisa chenyewe hakinisifu.

Ilikuwa miaka ile ya emajensi, hali ya hatari ya wakoloni, tulipotolewa mashambani kwetu tukarundikwa vijijini. Kijiji chetu kilikuwa upande wa Ruiru, kimezungukwa na handaki, lango ni moja tu, na askari amekaa hapo na bunduki. Jioni lango linafungwa na kila mtu anaingia kwake. Ukipatikana nje, shauri yako.

Kule kuhamahama kulimaliza kuku wetu. Wengine walikimbilia vichakani, wengine waliliwa na hao hao waliokuja kutuhamisha, na nani angeuliza? Tukabaki kijiji kizima cha akina mama bila kuku hata wa dawa.

Sasa, bwanangu alikuwa fundi seremala kwenye shamba la kahawa la mzungu mmoja. Huko aliokota mashine ya kutotoa vifaranga, imevunjika mguu na kioo, imetupwa nyuma ya stoo. Akaitengeneza. Ilikuwa sanduku la mbao lenye mlango wa kioo mbele, ndani trei ya waya, na ubavuni taa ya mafuta ya kupasha moto tangi la maji. Stima hatukuwa nayo. Bwanangu alichukuliwa kizuizini kabla hajaiwasha hata siku moja, nikabaki na sanduku. Akina mama waliliita Kuku wa Mbao, wakanicheka sana, mpaka siku nilipotoa vifaranga wanane kutoka kwa mayai kumi. Kicheko kiliishia hapo.

Wakaanza kuleta mayai. Huyu ameomba kwa dada yake Thika, yule kwa shangazi yake Theta, anayabeba kifuani kama mtoto. Kila mama nilimpa alama yake, nikaichora kwenye ganda kwa penseli ya useremala ya bwanangu: mmoja msalaba, mwingine mistari miwili, na yangu mimi duara. Alama ilikuwa na kazi mbili. Mayai hugeuzwa mara tatu kwa siku, na ukiona alama iko juu unajua hilo limegeuzwa. Tena ndiyo iliyosema yai ni la nani. Hatukuandikiana barua, alama ilitosha.

Nyambura alileta sita, nikamchorea nyota ndogo. Nyumba yake ilikuwa ya tatu kutoka kwangu, aliishi na mama yake mzee ambaye macho yalikuwa yamekwisha kabisa. Nyambura alikuwa na kikohozi kibaya, kile cha kumkunja mtu katikati. Siku ya nne tangu mayai yaingie mashineni, lori lilimchukua kumpeleka hospitali Thika. Kabla ya kupanda alishika ukuta wangu akapumua kwanza.

"Mwana wa maitu, dada yangu," akaniambia, "hao vifaranga ni wa mama. Mimi nisiporudi, hana mwingine wa kumpa hata chumvi. Usiniangushe."

"Nenda upone," nikamwambia. "Wacha maneno mengi."

Siku ya kumi, asubuhi, nilikuwa nageuza mayai mbio mbio niwahi kwenda kuchuma kahawa, trei ikaniponyoka upande mmoja. Mayai sita yakavunjika. Ngai! Yote sita yalikuwa na duara. Safu yangu yote, kwisha. Nililia, lakini usifikiri ni kwa huzuni. Ilikuwa hasira. Sanduku langu, mafuta natafuta mimi, kuamka kugeuza ni mimi, halafu kila mtu apate kuku isipokuwa mimi?

Basi nikachukua kitambaa chenye maji na jivu, nikafuta nyota sita. Nikachora duara sita. Nikayahamisha mayai hayo nikayatawanya safu ya nyuma, kati ya mayai ya wenzangu, hata kama mtu angekumbuka yalikokuwa asiyaone. Nikajiambia mayai mengi huwa hayana kitu ndani. Nyambura akirudi nitasema yake yalikuwa maji matupu. Na asiporudi, je, kipofu atajua? Unaona nilivyokuwa? Wala hakuna aliyenituma.

Jambo moja lazima ulielewe. Kuanzia siku ya kumi na nane mashine haifunguliwi tena. Ukifungua, unyevu unatoka, ule utando wa ndani ya ganda unakauka, na kifaranga anakwama afie humo humo. Unachungulia kwa kioo tu na kuhakikisha joto halishuki. Sindano ya themometa ikae kwenye mia na tatu za Farenhaiti, ama karibu na hapo.

Siku ya ishirini mvua ilinyesha kuanzia mchana. Jioni, lango limeshafungwa na mimi nimeshatia komeo, nikainua debe la mafuta ya taa nikaona ni jepesi. Kutu ilikuwa imelitoboa chini, mafuta yote yamenywewa na sakafu ya udongo. Taa ya mashine ilibaki na mafuta ya kimo cha kucha. Kuni zangu zilikuwa zimelowa, mekoni kuna makaa ya kuchoma kiazi kimoja tu. Kutoka nje kuomba mafuta? Kwa bunduki ile? Mayai ya kijiji kizima yangekufa kwa baridi yakiwa yamebakisha usiku mmoja, na akina mama wale hawakuwa na mengine.

Nilipiga magoti mbele ya sanduku nikaanza kuomba. Sikuwa nimefika mbali niliposikia kigoda changu kikilia nyuma yangu. Nikageuka. Nyambura alikuwa amekaa, amejifunika blanketi ya kijivu ya hospitali.

Sikushtuka, niamini. Nilijiambia labda komeo sikulitia vizuri, labda alirudi mapema na mvua ikanizuia kusikia habari. Kitu kimoja tu kilinisumbua. Nje kulikuwa na tope jekundu la kufika vifundoni, na miguu yake ilikuwa mikavu, safi.

"Umerudi lini?" nikamuuliza.

"Leo."

"Na kile kikohozi?"

"Sikohoi tena." Akaliangalia sanduku. "Yangu ni yapi?"

Hata hapo nilidanganya. Nilisema, "Pole, dada. Yako hayakuwa na kitu. Nilitupa."

Hakukasirika. Alikuja akachuchumaa karibu nami, akaweka kidole kwenye kioo. "Huyu," akasema. Kutoka safu ya nyuma nikasikia kifaranga akilia ndani ya yai, pii, mara moja. "Na huyu. Na huyu." Kila alipoelekeza kidole, yai lile lilijibu. Sita. Yalikuwa yale yale niliyoyatawanya, na hakukosea hata moja.

Ndipo taa ikazimika.

Nikaanza kulia kwa sauti, nikimwambia mafuta yameisha, mayai ya watu yanakufa. Nyambura alisema tu, "Nitakaa." Akalifunika sanduku na ile blanketi, akalikumbatia kwa mikono miwili, akalaza shavu juu yake, vile kuku anavyojilaza. Mimi nikawaza, blanketi itasaidia nini? Nikawasha kijiti kwenye makaa, nikainua pindo la blanketi nikasoma themometa. Mia na tatu. Nikangoja kwa muda mrefu, nikasoma tena. Mia na tatu. Nikagusa taa, ni baridi. Nikagusa tangi la maji, ni baridi. Mara ya tatu, mara ya nne, sindano haikusonga.

Nilimgusa mkono. Ulikuwa baridi kama maji ya mtoni alfajiri. Lakini mbao alizozilalia zilikuwa moto.

Hapo nilijua, na niliogopa. Lakini ningekimbilia wapi? Nilichoweza kufanya ni kusema ukweli. "Nyambura, nilifuta nyota zako."

"Najua. Utampelekea mama?"

"Nitampelekea."

"Wote sita?"

"Wote sita."

Akabaki amelikumbatia sanduku. Nilikaa macho kadiri nilivyoweza, halafu usingizi ukanichukua pale pale sakafuni.

Nilichoamshwa nacho ni kelele za vifaranga. Kulikuwa kumepambazuka. Komeo lilikuwa mahali pake, Nyambura hayupo, blanketi haipo. Ndani ya kioo vifaranga walikuwa wanakanyagana, na mayai yaliyokuwa hayajapasuka yalikuwa yanadonolewa kutoka ndani. Kabla ya saa sita mchana yote yalikuwa yametotoa. Yote, unasikia? Haijawahi kutokea tena.

Wale sita walitoka mwisho kabisa, kwenye maganda yenye duara, nikawatenga. Walipokauka manyoya nikawaweka kwenye kikapu, nikaenda nyumba ya tatu. Nilikuta wanawake wamejaa mlangoni. Habari ilikuwa imeletwa na dereva wa lori lango lilipofunguliwa. Nyambura alikuwa amekufa hospitalini Thika siku mbili zilizopita, na walikuwa wameshamzika huko huko.

Nilimwekea mama yake kikapu mapajani. Akaingiza mikono, akawapapasa mmoja mmoja, machozi yakimtiririka. Nilifungua mdomo niseme niliyoyafanya, haki ya Mungu nilifungua. Lakini yeye alitangulia, akasema wote wakisikia: "Muoneni huyu. Nyambura amekufa, mimi sioni. Angewachukua wote na nisingejua. Ameniletea wote sita."

Na mimi nikafunga mdomo.

Tangu siku ile nilijulikana kwa uaminifu. Hata baada ya vijiji kuvunjwa na bwanangu kurudi, watu walitoka Thika na Theta na mayai yao, wakipita mashine za wengine waje kwangu, eti mimi siwezi kugusa cha mtu. Mama yake Nyambura aliishi miaka mingi akila mayai ya kuku wale, na kila Jumapili aliniombea kwa jina kanisani, mbele za watu. Mimi nimekaa benchi la pili, nimeinamisha kichwa. Wakafikiri ni unyenyekevu.

Mayai ya watu hutotoa vizuri sana mikononi mwangu. Lakini yai nililolichorea duara halijawahi kutotoa, hata moja, mpaka leo. Nimebadilisha jogoo, nimebadilisha mashine, mjukuu amenunua ya stima yenye kujigeuza yenyewe. Ukilipasua siku ya ishirini na moja unakuta maji matupu, kama nilivyomwambia Nyambura.

Kwa hiyo, mtu akikuachia kitu chake na alama yake juu yake, achana na kitambaa. Hata awe yuko mbali, hata awe hana wa kumuulizia. Mimi nilishazoea. Mayai ya watu nayaweka mashineni, na yangu huwa nakaanga.