Maji ya Kisanduku cha Herufi

Juzi mjukuu wangu alikuwa akibonyeza herufi kwenye simu ya mama yake, nami nikaisikia tena mdomoni ladha ya rangi ya mafuta.

Baba alikuwa mwalimu, Temeke. Siku moja alikuja nyumbani na kisanduku cha mbao cha shule. Ukizungusha mpini, vigurudumu vyenye herufi za rangi ya mafuta vilizunguka, krr, krr, mpaka upate neno la picha iliyo juu. Mie sikupata hata moja. Lakini nilikuwa nimemwona bibi, alipougua, akiandikiwa kombe kwa zafarani kwenye sahani. Maandishi yakaoshwa, akanywa yale maji, akapona. Nilidhani kila maandishi yananyweka. Basi mchana ule nikamimina maji kisandukuni, nikayakinga kwa bakuli, nikanywa yote. Nilipojaribu mpini, haukusogea. Sikujua kwamba mbao nazo hunywa.

Baba alikikuta kimelowa. Alinishika mkono tukaenda Keko kwa seremala.

"Imevimba tu, Mwalimu," seremala akasema.

Akavitoa vigurudumu, akavipanga kivulini juu ya maranda yanayonukia mninga, tukakaa kungoja. Moyoni nilijua nimeiharibia shule nzima. Jua lilipopunguza makali akavipiga msasa, akavirudisha, akazungusha mpini. Krr, krr. Nikapumua.

"Ulimwagia maji ya nini?" baba akauliza.

Nikamweleza yote, hata bakuli. Akakitia kisanduku kwapani.

"Na hukubakisha?" akasema. "Darasani kwangu wapo wanaoyahitaji."