Mbingu Saba za Baba

Mpaka leo sijamsamehe mdogo wangu, na sioni haya kuandika hivyo.

Marehemu baba yetu, pale Kasingirima kando ya ziwa, alikuwa na daftari la babu yake lililoandikwa kwa herufi za Kiarabu, Kiswahili kitupu. Ndani mlikuwa na utenzi wa roho inayopanda mbinguni, na ukurasa wa kwanza ulichorwa maduara, moja ndani ya jingine. Watu wa zama za kati, Waarabu kwa Wazungu, waliuona ulimwengu hivyo: dunia katikati, mbingu saba zimeizunguka kama maganda ya kitunguu, kila mbingu na sayari yake, kwanza Mwezi, kisha Utaridi, Zuhura, Jua, na kuendelea hadi Zuhali. Watunzi wao walizipandisha roho mle mle. Asiyeyajua maduara yale atausoma utenzi mzima asijue roho inaelekea wapi.

Mimi nafundisha fasihi sekondari, kule Kalinzi. Kila likizo baba alinikaririsha beti za mbingu moja. Kupiga picha alikataa, alisema utenzi hukaa kifuani, si kwenye simu. Tulifika ya nne, ya Jua, akafariki.

Siku ya tatu ya msiba niliuliza daftari liko wapi.

"Nimelifunga jiwe nikalizamisha ziwani, kaka," mdogo wangu alisema. "Limechakaa, na lina jina la Mungu. Ningelitupa jalalani?"

Desturi hiyo naijua. Karatasi yenye jina la Mungu haitupwi ovyo. Lakini daftari lile lilikuwa bado linasomeka! Nilimuuliza kwa nini hakunipigia simu. Akajibu kwa kunong'ona.

"Na yale maduara... Wageni wangesema mzee alikuwa mganga."

Kumbe ni aibu! Alifunga jiwe kwenye kazi iliyotunzwa vizazi vitatu, akapanda mtumbwi, akaitosa, kwa kuogopa maneno ya majirani wasioweza kusoma hata ubeti mmoja. Dini akaifanya kisingizio.

Siku ya arobaini, baada ya dua, yeye huyo huyo akasimama mbele ya wageni akatangaza kwamba kaka yake atawasomea utenzi wa marehemu. Nikasoma. Mwezi, Utaridi, Zuhura, Jua. Nikaketi. Watu wakasubiri.

"Mwalimu," mzee mmoja akauliza, "mbona roho hujaifikisha?"

"Muulizeni huyu," nilisema, nikimnyooshea mdogo wangu kidole. "Mbingu tatu zilizobaki kazitosa ziwani."