Asali ya Ukutani

Majina ya watu wote wa wakati ule ninayo kichwani, hata ya ng'ombe, ila hapa sitayataja. Wengi wameshalala.

Binti yangu mdogo alikuwa na ugonjwa wa moyo. Akitoka kisimani tu, midomo inabadilika rangi, anachuchumaa. Daktari kule Mbulu alitupa vidonge vya kutoa maji mwilini, akasema asivikose hata siku moja. Vilikuwa vichungu, mtoto akavitema. Nikamuuliza daktari kama nichanganye na asali. Akasema asali haiponyi moyo, lakini ikisaidia dawa kushuka na kikohozi kutulia, nimpe.

Kupata asali yenyewe sasa ikawa kazi. Miti tuliyotundikia mizinga iling'olewa yalipokuja mashamba ya ngano, na nyuki wakahama. Walibaki wale wadogo wasiouma, kwenye ukuta wa tembe letu la zamani, lililokuwa limezungukwa na ngano pande zote. Ndiyo asali tunayoiita dawa. Nilikuwa natembea kutoka Dirma, tulikohamia, natoboa udongo, nachukua kidogo, naziba tena kwa samadi ili wasihame. Miguu yangu ilichoka mpaka leo haijapumzika.

Mama mkwe alinicheka, akasema nakamua nyuki kama mbuzi. Lakini nikienda palizi, yeye ndiye aliyebaki na mtoto na kumpa dawa.

Siku moja nikarudi nikamkuta amefurahi, anawaonyesha majirani mashavu ya mjukuu. Mwaka ule njaa ilikuwa imepita kwetu, watoto wote mbavu nje, na huyu wetu alikuwa amejaa mpaka miguuni. Mama mkwe aliona asali imemaliza kazi. Vidonge alikuwa ameviweka juu ya dari, anampa asali peke yake.

Nikakaa chini. Nikabonyeza mguu wa mtoto kwa kidole gumba, shimo likabaki pale pale.

"Mama," nikamwambia, "huku siyo kunenepa. Ni maji."

Alibonyeza na yeye, akaliangalia lile shimo muda mrefu. Halafu akasema, "Nimefurahia maji, mwanangu."

Tulimbeba mtoto mpaka hospitali, maji yakapungua, tukarudi naye. Toka hapo mama mkwe hakuniachia tena dawa. Kila asubuhi, kabla ya kukamua ng'ombe, anabonyeza mguu kwanza, kisha kidonge, kisha asali ya kulamba kwenye kidole. Mtoto alimtania kwamba bibi anapima ugali kama umeiva.

Mama mkwe aliendelea hivyo mpaka asubuhi aliyobonyeza mguu ukawa wa baridi. Maji hayakuwepo. Moyo ulikuwa umechoka tu.

Asali ilibaki kwenye kibuyu. Mama mkwe akaifunika, akaniambia niirudishe kwa nyuki. Nilikwenda. Niliimimina chini ya ule ukuta, nikaziba tundu vizuri, nikarudi nyumbani nimepitia katikati ya ngano.